Ampuli Bado Iko Moto

Masika wangu,

Ukiona karatasi hizi juu ya begi yako najua utacheka kwanza. Mama yako, ambaye hata ujumbe wa simu anakutuma wewe umuandikie, leo ameshika kalamu. Cheka, halafu uketi uzisome zote kabla ya kulala, maana kesho kule kwenye parking ya bisi kutakuwa na makelele, na mimi mbele ya watu siwezi kusema maneno ya namna hii. Nitaanza tu kugombana na yule wa kupakia mizigo, unanijua.

Mumetoka na mama mudogo Kavira kuaga watu wa korali ya kanisa, na nyumba imenyamaza. Nimeketi kwenye meza yetu ya kazi, upande wako wa dirishani, kwa sababu huku ndiko mwanga ungali mwingi. Kiti chako kiko chini sana. Sijui ulikuwa unaketi namna gani hapa miaka hii yote bila kulalamika, wewe unayelalamikia hata chumvi.

Sitakuambia uvae sweta. Butembo kuna baridi, unajua, na nimeona umeitoa ile sweta nzito ili upate nafasi ya kuweka mashine ya kupimia umeme. Hiyo ni akili yako, utaona mwenyewe ukianza kutetemeka. Sitakuambia habari ya barabara ya Rutshuru na ile milima ya mbele, wala namna ya kusalimia wakubwa, wala nani wa kumuepuka. Watu wote wa hapa Katoyi wamekwisha kukuambia hayo mpaka masikio yako yamechoka.

Nakuandikia juu ya kitu kimoja. Juzi nilikuwa nyuma ya jikoni naanika machujio ya projekta, nikakusikia unamwambia Kavira: "Mama mudogo, mi nikienda, nani atakuwa jicho ya mama? Afazali nimupigie Padri simu, atafute mutu mwingine." Nilibaki na chujio mukononi, maji yananidondokea miguuni, nikashindwa hata kukohoa ili mujue niko pale.

Tangu siku hiyo umekuwa ukinipima. Unafikiri sioni? "Mama, hii visi ya kukaza kifuniko unaiona?" "Mama, nisomee hii namba ndogo." Jana umeniletea uzi na sindano, eti ya kushona kifungo, na kifungo chenyewe hakikuwa kimekatika. Kwa hiyo nimejua kwamba begi imefungwa, bisi imelipwa, lakini wewe bado hujaamua. Padri wa Butembo amekuita kwa jina lako, ukatunze projekta za ukumbi wao na za shule zao zote, mutoto aliyejifunzia kwenye meza hii ya mbao, na wewe uko tayari kumwambia hapana kwa sababu yangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua mimi sikuzaliwa fundi. Projekta ya kwanza aliinunua papa yako, ikiwa imetumika kwa watu wengine, ili majirani waje kuangalia mupira katika uwanja wa parseli yetu. Alipokufa, ndugu zake wakaja kuniuliza kama nitaiuza. Nikasema siuzi. Sikuwa na mpango wowote wa kuifanyia, nilikuwa na hasira tu, maana waliniuliza wakati viti vya kilio havijarudishwa kwa wenyewe. Basi ikabaki. Nami nikabaki nayo, nikiiangalia, nayo ikiniangalia.

Vumbi letu ni jeusi, linatoka kwenye haya mawe ya volkano tunayokanyaga kila siku, linaingia hata ndani ya sukari. Kumbe liliingia katika projekta pia. Mashine ikaanza kuwa na moto sana, ikajizima katikati ya mechi, watu wakanung'unika. Nikafungua kile kifuniko cha pembeni, nikakuta chujio limefunikwa na vumbi zito, hewa haipiti. Nikajiona nimevumbua kitu. Nikalifua na sabuni, nikalisugua, nikalikamua, halafu kwa sababu mechi ya jioni ilikuwa karibu kuanza nikalirudisha likiwa bado na maji.

Feni ikavuta ule unyevu wote ndani. Picha ikaja na madoa, wachezaji wakawa na ukurutu, kisha giza. Parseli nzima ikaangua kicheko. Mutu mumoja akasema, "Mama Projo ametuogeshea mashine." Ndilo jina nililobaki nalo mpaka leo. Wageni wanafikiri ni sifa, na mimi siwasahihishi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa kuharibu. Sikuwa na wa kuniambia kwamba chujio likauke kabisa kivulini, kwamba usipulize vumbi na mudomo ndani ya mashine, kwamba ule upande wa umeme wenye vyuma vinene unaweka umeme tumboni hata ukiwa umechomoa waya. Huo wa mwisho ulinirusha mpaka kwenye mulango. Wewe hayo yote uliyapata bila kulipia kitu, na ninafurahi hivyo. Sitaki mutu aniambie eti mutoto lazima ateseke kama mzazi wake ndipo ajue kazi.

Sasa habari ya jicho. Unaijua, lakini unaijua kwa kifupi, kwa sababu kila mara nilikuwa naisema haraka na kuhamia habari ingine.

Katika muji huu umeme ukikatika, ndipo watu wanashika turnevisi kufungua visi. Angalia majirani wetu. Mumoja anarekebisha soketi, mwingine anaunga waya wa friji, wa tatu amepanda juu ya paa, wote wakiambiana haraka, haraka, umeme haujarudi. Sisi tumezoea hivyo. Umeme ukienda, mashine imelala, haiwezi kukufanya kitu. Nami nilikuwa na akili hiyohiyo, na kwa pasi na redio ilikuwa imenisaidia.

Ilikuwa arusi, nimeitwa na projekta yangu, muchana, ukumbi umejaa. Familia ya bibi arusi walitaka picha za mutoto wao zionekane ukutani, tangu akiwa kichanga mpaka siku ile. Ampuli, ile taa ya ndani ya projekta, ilikuwa imechoka, mwanga unatetemeka, na mimi nilikuwa na mpya ndani ya mufuko. Nikiwa nawaza nitaibadilisha saa ngapi, umeme ukakatika. Shangazi wa bibi arusi akaniinamia: "Mama Projo, ni sasa. Umeme haiko, fungua." Vijana wa muziki wakawa wananiangalia wakitabasamu, mwanamuke peke yangu katikati ya nyaya zao. Mwenye kuongoza sherehe akatangaza na sauti yake bila mikro, eti fundi wetu anatengeneza, mumupigie makofi.

Nilipoweka kiganja juu ya mashine niliusikia ule moto. Hapo ndipo mutu mwenye akili angekaa chini. Umeme ulipokatika, feni nayo ilisimama, na ampuli ikabaki na moto wake wote ndani ya kile kisanduku bila wa kuipepea. Ilikuwa hatari zaidi kuliko ilipokuwa inawaka. Hilo nililijua nusu, na ile nusu nyingine kiganja kilikuwa kinaniambia. Nikafungua. Nikaishika kwa pindo la kikwembe, nikainama niangalie imeshikwa wapi, ikanipasukia usoni. Uchungu haukuja kwanza. Nilisikia tu watu wanaita jina la Yesu, na nikafikiri kuna mutu ameanguka.

Nimefikiri sana juu ya siku ile, Masika, na naweza kukuambia kwamba sikufungua kwa ujinga. Nilifungua kwa haya. Watu walikuwa wananingoja, nami nilitaka wanione najua. Ningekuwa peke yangu ndani ya chumba na mashine ile, ningekunywa chai yangu kwanza. Mpaka leo sijui namna ya kumfundisha mutu kuvumilia macho ya watu. Kufungua visi nilikufundisha, lakini hiyo sikukufundisha mimi, na sijui uliitoa wapi.

Baada ya hapo wewe ulianza kukaa karibu nami mezani. Jicho la kuume likabaki linajua tu kama ni muchana ao usiku. Mutu akiona na jicho moja, kitu kilicho karibu kinamdanganya, turnevisi inaenda pembeni ya visi, na mimi nilikuwa napiga meza kwa hasira. Wewe ulikuwa unaichukua turnevisi mukononi mwangu bila kusema neno. Halafu ulipokua ukaanza kusema, na ukasema sana. Ulininunulia ile miwani ya plastiki ukanikataza kugusa ampuli bila kuivaa. Nikakuambia unanivalisha kama mutu wa kuchomelea vyuma, nitatisha wateja. Ukaniambia, "Vaa, mama. Jicho imebaki moja." Nilikasirika siku ile. Nikavaa.

Sasa acha nikuambie siku niliyojivuna kuliko zote, na usikunje uso, niache niseme.

Ni ile semina ya walimu, kiangazi kilichopita. Projekta ilikuwa ya ukumbi wenyewe, sisi tuliitwa kuisimamia tu. Tangu asubuhi ile taa ndogo ya kuonya ilikuwa inawaka, ukawaambia kwa heshima kwamba ampuli imechoka, tuibadilishe wakati wa mapumziko. Wakasema imalize siku kwanza. Haya. Katikati ya somo umeme ukakatika, na kabla hatujameza mate ukarudi, na papa mumoja wa mbele akabonyeza kitufe ili mwanga urudi haraka, ampuli ikiwa bado na moto wake wote.

Ikalia pa.

Katika muji wetu mutu haulizi mara mbili kama ni bunduki ao kitu gani kimelia. Walimu wote walikuwa chini ya meza. Mimi nami nilikuwa chini, nimeshika kichwa cha mwalimu nisiyemjua, tunaomba pamoja. Nilipofungua jicho nikaona miguu miwili tu imesimama katika ukumbi mzima, na ilikuwa na viatu vyako. Ulikuwa umekwisha kuchomoa waya ukutani.

"Ni ampuli," ukasema. Hukupandisha sauti. "Ampuli imepasuka, haiko kitu ingine. Musiogope. Lakini mutoke wote inje polepole, na mukipita mufungue madirisha. Ile moshi yake haiko muzuri, iko na sumu."

Wakatoka wakijipangusa magoti. Inje wakaanza kuchekana, unajua watu wakiwa wamepona, kila mumoja anasema yeye hakulala chini, alikuwa anatafuta bik yake ya kuandikia. Yule Padri wa Butembo, aliyekuja kufundisha, alikuwa na vumbi mpaka kwenye ndevu. Umeme ukaenda tena. Basi mukubwa wa semina akakuja kwako, anaangalia saa yake.

"Musichana, programu iko nyuma. Umeme haiko, fungua basi, weka ampuli ingine tuendelee."

Na mimi, Masika. Mimi mwenye jicho moja, mimi niliyelazwa hospitali kwa neno hilohilo, nikafungua mudomo nikasema: "Fungua tu, mwanangu. Umeme haiko." Lilitoka kabla sijalifikiri. Watu walikuwa wanangoja, na lile neno la watu wetu wote likanitoka kinywani.

Ukanigeukia. Nilingoja unikaripie, maana ningestahili. Ukasema pole pole, kana kwamba tuko hapa mezani wawili tu: "Mama, umeme haiko. Moto iko."

Halafu ukamgeukia yule mukubwa, ukakunja mikono mbele. "Papa, munisamehe. Ipoe kwanza. Saa hii siifungui."

"Na nikiita fundi mwingine?"

"Mumuite, papa. Akifika nitamuomba naye angoje."

Nikaangalia uso wake, nikafikiri sasa tumefukuzwa. Lakini wewe ulikuwa umekwisha kuketi kwenye ngazi ya mulango, turnevisi ndani ya mufuko, magoti pamoja. Niliona mukono wako mumoja unataka kurudi kwenye turnevisi. Uliuweka chini ya paja. Hakuna mwingine aliyeona, ila mama yako, na kwa jicho hili moja.

Padri ndiye aliyesema, "Basi, tulete ubao," na wakaendelea na chaki chini ya veranda, karibu saa nzima. Hakuna mutu aliyekufa kwa kufundishwa na chaki. Ulipoingia tena ulivaa miwani, gants za mikononi, ukafunika mudomo na kitambaa, ukanikataza mimi kuingia. Nikachungulia dirishani. Ulifungua visi za kile kisanduku, ukaivuta ampuli kwa mushikio wake, ukaiangalia upande na upande. Vipande vya kioo ulivikusanya kwa karatasi yenye maji, kimoja kimoja, na mutu alipokuletea ufagio ukaurudisha. Vyote ukavitia ndani ya kopo lenye kifuniko. Mpya ukaishika pembeni, kidole hakikugusa kioo, ukaiingiza, ukafunga. Umeme uliporudi hukubonyeza kwanza. Uliangalia tena kama kifuniko kimekaa. Halafu ukuta ukawa mweupe, ukairudishia mashine hesabu ya masaa ya ampuli ianze upya, na walimu wakapiga makofi, nawe ukainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Nilijivuna, Masika. Nilijivuna mpaka nikashindwa kufunga mudomo. Nilimwambia motard aliyeturudisha na pikipiki, naye hakuwa ameniuliza kitu. Nilimwambia mama wa nyanya, na mama wa makaa, na yule mwenye kuchaji simu. Nilipofika nyumbani nikaingia chumbani nikalia, na ulipouliza nikasema ni moshi wa brazero ya makaa. Haikuwa moshi.

Padri alikuita kwa sababu ya ile saa moja uliyokaa kwenye ngazi. Mafundi wa kufungua wako wengi, hata Butembo wako. Alinipigia simu mimi kwanza, kama inavyotakiwa, akaniambia: "Mama, ninatafuta yule aliyekataa." Nikamuambia nitamuuliza mwenyewe, na nilipokata simu nikacheza peke yangu hapa katikati ya meza na mulango. Kavira alinikuta. Muulize.

Huko watakuita mutoto. Watakuambia programu iko nyuma, askofu yuko njiani, bibi arusi amevaa. Utakuwa na njaa ya kupendwa, maana utakuwa mugeni, na mugeni anataka watu wamuone anafaa. Hapo ndipo ninapoogopa kidogo, sikufichi. Lakini naogopa kama mama tu anavyoogopa. Nikifikiri kama fundi, roho yangu inatulia. Ukikosea, na utakosea, usijifiche. Sema nimekosea, chomoa waya, ngoja, anza tena. Na wakikufukuza siku moja kwa sababu ulingoja, rudi hapa kichwa juu, nitakupikia sombe na samaki na sitakuuliza kitu.

Sasa nirudi kwa ile ya jikoni.

Leo, mulipovuka tu mulango na Kavira, mwalimu mumoja kutoka Rutshuru akafika na projekta ya shule yake, ameifunga ndani ya blanketi. Ampuli imekufa, mpya anayo, na alitaka arudi na teksibisi ya alasiri. Akaniuliza: "Yule musichana yuko wapi?" Walimu wale wanakujua wote sasa, ni kazi yako hiyo. Nikashika simu nikuite urudi. Jina lako lilikuwa mbele yangu, kidole kiko juu yake. Nikaiweka simu chini ya mto.

Nikamuuliza mara ya mwisho aliiwasha lini. Akasema sasa hivi, kwa rafiki yake, walikuwa wanaijaribu ijaribu, inawaka kidogo inazima. Nikaigusa, ilikuwa moto. Nikamuwekea kiti na chai. Akaanza kuangalia saa. Nikamuacha aangalie. Akasimama, akaketi, akaniuliza kama fundi anakuja, nikamwambia fundi yuko hapa anangoja. Unajua namna ninavyochukia kungojewa. Leo nilingojewa, nikashona kile kifungo chako ambacho hakikuwa kimekatika.

Ilipopoa nikavaa miwani. Visi ya kwanza turnevisi ilienda pembeni, kama kawaida yangu. Nikaweka kidole cha mukono wa kushoto juu ya kichwa cha visi, nikaishusha turnevisi ikifuata ukucha mpaka ikaingia. Kidole kikaona pale jicho lilipokataa. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ikaniangukia chini ya kabati, nikalala kifudifudi mbele ya mwalimu mwenye kravati shingoni, nikaitafuta na sumaku mpaka nikaipata. Nikaitoa ampuli ya zamani kwa mushikio, nikaingiza mpya, kioo sikukigusa. Jasho lilinitoka kama niko nachimba shamba.

Nikafunga. Nikabonyeza. Haikuwaka.

Mwalimu akashika blanketi lake. Nikaufikiria ule mto na simu iliyo chini yake. Nikasema moyoni, basi, mutoto alikuwa na haki, siwezi. Halafu nikachomoa waya, nikapitisha kidole polepole pembeni mwa kifuniko chote, nikakuta upande mumoja umeinuka, unene wa kucha tu. Macho yangu yasingeuona, hata yangekuwa mawili. Nikausukuma, ukalia tak. Nikachomeka, nikabonyeza, na ukuta wa nyumba yetu, pale kwenye picha ya papa yako, ukawaka.

Nililia mbele ya mwalimu, sikujali. Nilichukua muda mrefu kwa kazi ambayo wewe ungeimaliza huku ukila ndizi. Lakini niliifanya, peke yangu, na sikuumia, na mashine inafanya kazi.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Sikukuzaa uwe jicho langu. Nilikuzaa na macho yako mawili, yako, uangalie nayo unakotaka. Umenikopesha hayo kwa miaka mingi na sikuwahi kukuambia aksanti, maana nilikuwa naona haya kukuhitaji. Aksanti, mwanangu. Sasa yachukue uende nayo.

Yule mwalimu alipomaliza kuifunga projekta yake ndani ya blanketi alisimama mulangoni, akakuna kichwa. Nilikuwa nimemwambia wakati wa chai kwamba kesho unaondoka.

"Mama," akasema, "na ikiharibika tena, nikirudi hapa nitakuta nani?"

"Utanikuta mimi," nikamwambia.

Mama yako